Nilivyoamua Kipi Kitoke na Kipi Kibaki Nilipoondolewa Kizazi

Ushauri nilioupata mara nyingi kuliko mwingine wowote, tangu ilipothibitika kwamba kizazi changu lazima kiondolewe, ulikuwa wa maneno mawili: "Toa vyote." Niliambiwa hivyo na jirani, nikaambiwa na mwalimu mwenzangu na, jambo lililoniudhi kupita yote, nikaambiwa na daktari wa kituo kimoja ambaye alitazama umri wangu kwenye kadi, miaka 43, akaona nina watoto wanne, akasema kwamba kwa kuwa sizai tena sina kazi na viungo hivyo. Hakuniuliza swali hata moja. Naandika haya kwa sababu viungo vya uzazi ni vingi, kila kimoja kina kazi yake na hatari zake, nami nilikataa kuviamulia vyote kwa sentensi moja. Nafurahi kwamba nilikataa.

Tatizo langu lilikuwa uvimbe wa kizazi, ule unaoitwa fibroidi, tena si mmoja. Hedhi ilikuwa ikitoka kwa mabonge, nikawa nalala na taulo, na wingi wa damu ulishuka hadi 7 wakati mwanamke mzima asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Dawa za kupunguza damu zilinisaidia kwa muda tu. Uwezekano wa kutoa uvimbe peke yake na kuuacha mfuko wa uzazi tuliujadili, lakini uvimbe ulikuwa mwingi na mkubwa, na mimi sikutaka mtoto mwingine. Kwa hiyo kuhusu mfuko wenyewe sikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa juu ya majirani wake: mlango wa kizazi, mirija miwili inayopitisha mayai, na ovari mbili, yaani vifuko vya mayai.

Baada ya yule daktari wa kwanza nilimwomba binti wa dada yangu, ambaye ni muuguzi, anitafutie daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake anayekubali kuulizwa maswali. Aliniambia, "Mama mdogo, usiende na hofu peke yake, nenda na maswali yaliyoandikwa." Huyo bingwa tuliyempata hapa Mtwara ndiye aliyenifundisha mengi ninayoyaeleza, nami namshukuru kwa uvumilivu wake.

Nianze na ovari, kwa kuwa hapo ndipo ushauri mbaya ulipokuwa mwingi. Watu husema ovari zitolewe ili zisije zikapata saratani baadaye. Ni kweli kwamba saratani ya ovari ni mbaya, haina kipimo cha kuaminika cha kuichunguza mapema, na mara nyingi hugundulika ikiwa imekwisha kusambaa. Lakini kwa mwanamke asiye na historia ya ukoo, uwezekano wa kuipata katika maisha yake yote ni kama mmoja kati ya 80 au 90, kwa takwimu za Marekani, wakati madhara ya kuondolewa ovari kabla ya hedhi kukoma yenyewe humpata karibu kila anayeondolewa. Homoni ya estrojeni hushuka ghafla, badala ya kupungua polepole kwa miaka. Joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi na ukavu ukeni huja kwa pamoja, na hayo ndiyo yanayoonekana. Yasiyoonekana ni mifupa kupoteza uimara wake na hatari ya magonjwa ya moyo kuongezeka, hasa kwa aliyeondolewa kabla ya miaka 45 asipopewa homoni. Daktari alisema anayeondolewa hupewa dawa za homoni mpaka afikie umri wa kawaida wa kukoma hedhi, yaani takriban miaka 50. Nilizunguka maduka ya dawa mjini nikiziulizia. Kwingine hawakuwa nazo, kwingine waliniambia ziagizwe kutoka Dar es Salaam, na bei niliyotajiwa, ukiizidisha kwa miezi ya miaka saba, ingemaliza fedha za korosho za mume wangu msimu baada ya msimu. Dawa ambayo sina uhakika wa kuipata siwezi kuitegemea iushikilie mwili wangu.

Hata hivyo daktari hakunikubalia papo hapo. Aliniuliza kama katika ukoo wetu kuna aliyeugua saratani ya matiti au ya ovari. Sisi Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na habari za upande huo nazijua tangu utotoni, nani alizaa wangapi na nani aliondoka kwa ugonjwa gani, kwa hiyo nilimjibu upesi kwamba hakuna. Akaniuliza, "Na upande wa baba, mama?" Akanieleza kwamba hitilafu ya vinasaba inayoongeza hatari ya saratani hizi hurithiwa kutoka kwa baba sawasawa na kutoka kwa mama, na kwamba mwanamume anaweza kuwarithisha binti zake bila yeye mwenyewe kuugua. Naomba wanawake wote wa huku kusini, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, walizingatie swali hili, kwa sababu malezi yetu yanatufanya tuujue upande mmoja na kuusahau mwingine, na daktari asiyeyajua mambo yetu hatajua kwamba "hakuna" yetu ni nusu ya jibu.

Nikapanda gari la Newala kupitia Nanyamba na Tandahimba kwenda kwa shangazi yangu, aliyebaki peke yake katika ndugu za baba. Nilimkuta uani akichambua korosho kabla ya kuzipeleka ghala la chama cha msingi. Baada ya shikamoo na habari za watoto nilimweleza shida yangu bila kuficha, kisha nikamuuliza kuhusu dada zake. Alinyamaza, akaendelea kuzitupa mbovu upande, halafu akasema, "Mwanangu, mkubwa wetu alivimba tumbo. Walimtoa maji hospitali, yakarudi. Watu wakasema karogwa, tukaacha kulizungumza." Nilimuuliza alikuwa na umri gani, akasema alikuwa bibi mwenye wajukuu wakubwa. Nikamuuliza kuhusu matiti, akasema hakuna. Nikamuuliza kuhusu binti za marehemu, akasema wote wapo Lindi na ni wazima. Niliyaandika yote pale pale, naye alinisimamia nisikosee.

Daktari aliyapima maelezo hayo kwa haki. Alisema maji tumboni yanaweza kutokana na ini, kifua kikuu au saratani ya ovari, na hapakuwa na karatasi ya kuthibitisha lolote. Ndugu mmoja aliyeugua uzeeni, bila saratani ya matiti katika ukoo, hakumtosha kuzitoa ovari zangu nikiwa na miaka 43. Marehemu shangazi angekuwa na binti aliyeugua pia, au ningekuwa na ndugu kadhaa wa namna hiyo, angenishauri vingine. Lakini alisema habari ile imemwongezea sababu ya kutoiacha mirija.

Kuhusu mirija sikuwa nimewahi kusikia chochote, na ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna mshauri wangu yeyote wa mtaani aliyelijua. Sehemu kubwa ya zile saratani kali zinazoitwa za ovari huanzia kwenye ncha ya mrija, pale penye matamvua yanayolipokea yai. Mrija baada ya kuondolewa mfuko hauna kazi tena, hautengenezi homoni, na kuutoa huongeza dakika chache tu za upasuaji. Madaktari wa jimbo la British Columbia nchini Kanada walianza kuhimizana tangu mwaka 2010 kuitoa mirija na kuziacha ovari kila wanapomfanyia mwanamke upasuaji wa aina hii, na madaktari wa nchi nyingine wakaufuata mwelekeo huo.

Sasa nieleze mbinu iliyonisaidia kuliko zote, nami naieleza kwa fahari. Mimi ni mwalimu wa ushonaji, na kazi yangu ya kila siku ni kukata vielelezo vya nguo kwenye karatasi ya kaki. Usiku mmoja nilikata mfuko wa uzazi, mlango wake ukiwa kipande cha pekee, mirija miwili ambayo ncha zake nilizichanachana kwa mkasi zikawa na matamvua, na ovari mbili zenye ukubwa wa korosho yenye ganda lake. Nikaviunganisha vyote kwa pini na kuvikunja ndani ya daftari. Nilipoketi mbele ya daktari nilivitandaza mezani nikamwambia, "Daktari, naomba kila utakachokitoa ukiondoe hapa kwa mkono wako, uniambie sababu yake."

Aliuchomoa mfuko bila maelezo marefu. Akachomoa mirija, akanionyesha matamvua niliyoyakata, akasema hapo ndipo hatari ilipo. Alipofika kwenye ovari alichukua kalamu na kuchora juu ya kaki njia mbili za damu, moja inayoshuka kutoka juu na nyingine inayopitia ubavuni mwa mfuko, akanieleza kwamba mfuko ukitoka ovari hubaki na ile ya juu, na kwamba kwa sababu hiyo baadhi ya wanawake hukoma hedhi mapema kidogo kuliko wangekoma kwa kawaida. Akaongeza kwamba wachache hurudi kufanyiwa upasuaji mwingine kwa ajili ya ovari iliyobaki. Nilimuuliza kama hayo yanatosha kuzitoa, akasema kwa hali yangu hayatoshi. Ovari zikabaki mezani.

Kipande cha mlango wa kizazi ndicho alichokishika kwa muda mrefu, na hapo nilikuwa na hoja nzito kutoka nyumbani. Somo yangu wa unyagoni, yaani mlezi aliyenifunda utu uzima, mama ninayemheshimu sana, alikuwa ameniambia kwamba mwanamke asiye na mlango wa kizazi huwa baridi na mumewe humchoka. Nililisema jambo hilo waziwazi mbele ya daktari, kwa sababu swali linalomnyima mtu usingizi halina aibu. Alinieleza kuhusu utafiti wa London, uliochapishwa mwaka 2002, ambapo wanawake 279 waligawanywa kwa kura, wengine wakaondolewa mfuko pamoja na mlango, wengine wakaachiwa mlango. Baadaye hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo katika tendo la ndoa, mkojo wala haja kubwa, na karibu 7 katika kila 100 ya walioachiwa mlango waliendelea kuona damu kidogo kila mwezi. Mimi niliyekuwa nikikimbia damu niliona hoja hiyo inatosha. Lakini ya pili ilikuwa nzito zaidi: saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na mwenye kubaki na mlango lazima aendelee kupimwa kwa miaka mingi ijayo. Mlango ungebaki tu endapo upasuaji ungekuwa mgumu na kuutoa kungehatarisha kibofu. Nilikubali, na kabla ya hapo nilifanyiwa kile kipimo cha kupakwa siki ili kutafuta dalili za saratani ya mlango, kikatoka salama.

Vipande hivyo nilirudi navyo nyumbani. Nilivitandaza mkekani mbele ya mume wangu na somo yangu, nikavitoa na kuvibakiza kama daktari alivyofanya, nikamwonyesha somo kwamba uke wote unabaki na kwamba mwisho wake hushonwa. Alivishika kimoja kimoja, akauliza maswali mazuri kuliko yangu, kisha akasema, "Basi nenda, mwanangu, mimi nitakuja kukuogesha." Mume wangu alikubali hapo hapo.

Siku ya kulazwa nililetewa fomu ya ridhaa iliyoandikwa "kutoa kizazi" tu. Niliomba kwa upole isisainiwe mpaka iandikwe kamili: kizazi na mlango wake vitolewe, mirija yote miwili itolewe, ovari zote mbili zibaki isipokuwa mojawapo ikionekana wazi kuwa ina ugonjwa, na hapo itolewe ile yenye ugonjwa peke yake. Muuguzi alimwita daktari, daktari akaandika, nami nikasaini. Ndugu walikuwa wamechangia damu, bima ililipa sehemu kubwa, na tuliyolipa mfukoni pamoja na nauli yalikuwa laki kadhaa.

Nilichomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho, na katikati ya kazi nilimsikia daktari akisema, "Mama, ovari zako ni nzima, zinabaki." Nililia kwa furaha. Baadaye ni yale ya kawaida: mpira wa mkojo, kutembea mapema, kutobeba ndoo wala kutwanga, na kutokutana na mume mpaka baada ya wiki sita na kukaguliwa.

Majibu ya kipimo cha nyama iliyotolewa yalirudi yakionyesha uvimbe usio wa saratani na mlango usio na tatizo, hivyo daktari alisema sihitaji tena kipimo cha siki. Kabla ya kuruhusiwa niliomba na kupewa nakala ya maelezo ya upasuaji inayotaja kilichotoka na kilichobaki, kwa sababu daktari mwingine atakayeniona miaka ijayo nikiumwa tumbo, akisikia nimeondolewa kizazi, anaweza kudhani sina ovari. Nimeagizwa pia nirudi mara moja nikivimba tumbo au nikishiba upesi bila sababu kwa wiki kadhaa. Na kwa kuwa sipati tena hedhi ya kunijulisha lini imekoma, ninaandika kwenye daftari kila joto la ghafla na kila usiku nisioupata usingizi, ili dalili zikianza nimpelekee tarehe zilizoandikwa. Mpaka sasa ukurasa huo hauna kitu.