Refa aliyekuwa na jezi ya timu

Wiki nzima hii nimekuwa nasoma habari za Brad Raffensperger, katibu wa jimbo la Georgia kule Marekani, na leo lazima niandike maana limenikaa kichwani. Kwa wasiojua, Marekani hakuna tume moja inayohesabu kura za nchi nzima na kumtangaza rais, kila jimbo linajiendeshea uchaguzi wake, na majimbo mengi msimamizi mkuu ndo huyo katibu wa jimbo, ambaye naye mara nyingi kachaguliwa kwa tiketi ya chama. Yaani refa kavaa jezi ya timu. Brian Kemp, aliyekikalia kiti hicho kwa miaka kabla ya Raffensperger, mwaka 2018 aligombea ugavana huku ofisi yake ndo inasimamia uchaguzi huohuo! Mimi siwezi kulizoea hilo.

Raffensperger ni mhandisi. Alianzia udiwani Johns Creek, 2015 akaingia bunge la jimbo, 2018 akagombea ukatibu na akamshinda John Barrow kwenye duru ya pili.

Halafu ikaja 2020, uchaguzi wa urais, Trump na Biden. Kura za Georgia karibu milioni 5, zikahesabiwa mara 3, na mara moja kati ya hizo ni kwa mkono, karatasi moja moja, kaunti zote 159. Kwenye kuhesabu huko kwa mkono kaunti ya Floyd ikakutwa na kura kama 2,600 ambazo hazikuwa zimehesabiwa kabisa, nyingi zikiwa za Trump, zikaingizwa, pengo likapungua. Hapo ndo nilianza kumwamini, kosa limeonekana na limerekebishwa hadharani. Mwisho Biden kabaki mbele kwa kura 11,779.

Tarehe 2 Januari 2021 Trump akampigia simu, wakaongea kama saa nzima, akamwambia anataka tu kupata kura 11,780. Hesabu hapo: ni moja zaidi ya pengo. Trump anadai karibu marehemu 5,000 wamepiga kura, Raffensperger anamjibu kwa upole kwamba waliopatikana ni wawili. Wawili. (Baadaye uchunguzi ukafikisha 4.) Na kumbuka huyu ni Republican, chama kilekile cha Trump, mwenyewe kasema kura yake alimpa Trump.

Sio kwamba namfanya malaika. Mwishoni mwa 2019 ofisi yake ilifuta majina karibu 300,000 kwenye daftari la wapiga kura, na waliolalamika naona walikuwa na haki, mtu kutopiga kura miaka kadhaa sio sababu ya kumfuta. Lakini siku ya ile simu alisimama na namba zake, na alilipa, mke wake alitumiwa meseji za kutishia maisha.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. 2021 bunge la jimbo, la chama chake mwenyewe, likapitisha sheria ya kumtoa uenyekiti wa bodi ya uchaguzi na kumnyang'anya kura ndani ya bodi. 2022 Trump akamsimamisha Jody Hice dhidi yake kwenye mchujo wa chama, wapiga kura wakamrudisha Raffensperger bila hata duru ya pili, nilifurahi sana kusoma hapo. Alivyorudi kwenye bodi bado hakuwa na kura, na 2024 ikapitishwa sheria nyingine ikamtoa kabisa.