Askari wa mjomba

Mjomba wangu alikuwa mchonga mpingo, yale mashetani ya kimakonde yenye jicho moja, ila mimi nnachokikumbuka zaidi ni picha aliyochapa barazani kwake Chikongola, Mtwara mjini, nikiwa nimeenda likizo.

Ilikuwa ile Sanamu ya Askari ya Dar, iliyopo pale Samora toka 1927. Aliyeiona anajua, askari kashika bunduki na singe inaelekea bandarini, na kwenye jiwe lake wameandikwa pia wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Basi mjomba maneno hayo kayachukua hivyohivyo, jiwe lote likaota miguu, miguu kibao, peku, mikono inachomoza pembeni imebeba mizigo, na askari mwenyewe juu kule ana jicho moja, bahari kaipa mgongo, singe inaelekea kwenye mikorosho ya huku kwetu. Chini kaandika MAHIWA. Ni kule Lindi, Oktoba 1917, Mjerumani na Mwingereza walipigana vita vyao ila waliobeba bunduki na mizigo wengi walikuwa Waafrika. Mjomba akasema, "Wa Dar anaangalia meli, wangu anaangalia walipolala wenzake." Mpaka leo sijaona sarealizimu, ile sanaa ya mambo kama ya ndotoni, yenye akili vile.

Kwenye lino, lile zulia la plastiki laini unalochonga, ukalipaka wino na kulichapa karatasini, unachonga kinyumenyume ili karatasini ije sawa, sasa herufi za MAHIWA zote ukizigeuza zinabaki vilevile, yeye akaanzia mwisho tu akamaliza, alicheka sana siku hiyo. Mimi kazi yangu kupitisha rola ya wino, yeye anaweka karatasi anasugua kwa kijiko cha mbao taratibu, akiibandua unasikia wino unaachia.

Alichapa 20 akaziandika kwa penseli, 1/20, 2/20 mpaka mwisho, yaani ya kwanza kati ya ishirini, ya pili, hivyohivyo, na jina lake kulia. Halafu akachukua patasi akaikata ile lino mikato miwili, usoni kwa askari, isichapwe tena. Niliumia jamani.

Baadaye akaja mgeni aliyefikia Mikindani, anataka zingine tano, hela anayo mkononi. Nikamwambia mjomba si tuichape hivyohivyo na mikato yake? Akanijibu, "Nimeandika ishirini na jina langu lipo pale, nikichapa ya ishirini na moja, wale wote walionunua nimewadanganya."

Mimi alinipa 14/20. Wameshaitaka wengi, siuzi.