Ndimu, siki na magadi: nilivyoacha kununua madawa ya usafi ya chupa

Mi nakaa Dar, nyumba ya kupanga, na maji tunayotumia ni ya kisima, yale yenye chumvichumvi. Waliowahi kuishi na maji haya wanajua, jagi la umeme linaota magamba meupe ndani, koki zinapauka, matundu ya shawa yanaziba, tailizi za bafuni zinashika utando ambao usugue na sabuni ya unga mpaka mkono uume na hautoki. Nikawa nanunua chupa ya tailizi, chupa ya jiko, chupa ya choo, hela ya mboga inakwenda huko na bado nyumba haing'ai.

Kilichoniokoa ni kujua kwamba uchafu wangu mkubwa ni wa aina mbili, chokaa, yaani yale magamba meupe ya maji, na mafuta, na kila mmoja una dawa yake. Chokaa inataka kitu chachu, ndimu au siki. Mafuta yanataka magadi. Ukizigeuza unajichosha bure.

Nianze na jagi maana ndo lilikuwa linanikera zaidi. Nakamulia ndimu kadhaa, maganda nayo natumbukiza humohumo, najaza maji mpaka yafunike magamba, nachemsha halafu nazima naacha kama nusu saa hivi. Ukichungulia unaona vipovu vidogovidogo vinapanda kutoka chini, hapo asidi inaila chokaa na hewa ya kaboni dioksaidi inatoka, na yale magamba yanalegea yenyewe, ukipitisha sponji yanabanduka. Suuza, chemsha maji matupu umwage, ndo uchemshe ya chai.

Koki nazivisha kitambaa kilicholowa siki, ile nyeupe ya kawaida tu, kama saa moja hivi, kisha mswaki wa zamani unamalizia kwenye kona. Kichwa cha shawa nakifungua nakilaza kwenye bakuli la siki. Ukwaju nao unafanya kazi hiyohiyo, huku pwani bibi zetu walikuwa wanasugulia sinia za shaba mpaka zinawaka. Ila kama sakafu yako ni terazo au marumaru halisi usiiguse na hivi vitu, asidi inaila na mng'ao haurudi.

Jiko la gesi sasa, lile mafuta yaliyogandia pembeni ya plate yakawa kama gundi. Magadi soda, kijiko cha chakula kwenye maji ya moto kama nusu lita, nalowesha tambara nalaza juu ya uchafu naenda kufanya mambo mengine, nikirudi yamelainika yanafutika tu. Vaa glavu, magadi yanababua ngozi, na usiloweke sufuria za alumini maana zinageuka nyeusi. Sufuria iliyopiga weusi ndani ichemshie maji yenye maganda ya ndimu, inarudi kung'aa vizuri sana.

Halafu kuna hizi video za kuchanganya siki na baking soda, povu linafurika mtu anaona dawa ndo imekolea. Kwenye sinki povu linaweza kusukuma uchafu kidogo, lakini kwa kusugulia unapoteza hela mara mbili kwa sababu asidi na soda zinauana, unabakiwa na maji yenye chumvi tu. Tumia moja, suuza, ndo utumie nyingine.

Kitu pekee ambacho bado nanunua ni Jik ya chooni, maana siki haiui vijidudu kama inavyoua Jik. Na hapa naomba mnisikilize vizuri jamani, Jik isikutane na siki wala ndimu hata siku moja, inatoa gesi ya klorini inayobana kifua, na vyoo vyetu vyenyewe ni vidogo dirisha la kiganja. Mi siku ya Jik ni ya Jik peke yake, mlango wazi, na watoto wanakaa nje mpaka harufu iishe.