Imani Haikunizuia Kulia

Tangu mume wangu afariki dunia, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni jinsi nilivyopata nguvu za kuendelea. Anayeuliza aghalabu ni mtu aliyefiwa karibuni, au aliyeachwa, au aliyepoteza kazi iliyokuwa ikimtunza yeye na watoto wake, na huwa anatarajia nimtajie siku ambayo mzigo uliniondoka. Siku hiyo haikuwapo. Nguvu nilizo nazo nilizipata kidogo kidogo, na sehemu kubwa nilipewa na watu wengine wakati ambapo mimi mwenyewe sikuwa na uwezo hata wa kuomba msaada, hivyo naona ni haki nieleze walifanya nini hasa.

Naanza na imani kwa sababu ndiyo iliyotikisika kwanza. Tulikuwa tumemwombea sana apone, na alipofariki nilijikuta siwezi kuisema sala niliyoizoea tangu utotoni. Wapo waliokuja kunifariji kwa kuniambia nisilie, kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu na kwamba machozi mengi ni dalili ya kukosa imani. Naamini walikuwa na nia njema, lakini maneno yao yaliniongezea upweke, kwa kuwa sasa niliona hata mbele za Mungu sina pa kulilia. Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa kanisa ambaye, badala ya kunihubiria, aliniomba tusome pamoja Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo huanza kwa kilio zikaishia kwenye tumaini au sifa. Hii huanza kwa kilio na kuishia gizani, pasipo jibu lolote. Alipomaliza kusoma alisema tu kwamba kama maombi ya namna hiyo yamo ndani ya Biblia, basi na yangu yanapokelewa. Kuanzia hapo nilianza kusali kwa kulalamika, nikamweleza Mungu hasira yangu yote bila kuipamba, na ndipo nilipohisi kwa mara ya kwanza kwamba bado ninazungumza na mtu anayenisikia.

Baadaye nilirudia kisa cha nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, ambapo alijilaza chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa kukata tamaa. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimekisikia kisa hicho mara nyingi bila kuona kwamba Mungu alianza na mwili uliochoka, na mazungumzo yakafuata baadaye.

Marafiki wa Ayubu wanakumbukwa kwa maneno yao, ambayo mwishoni Mungu mwenyewe aliyakasirikia. Watu husahau kwamba mwanzoni walifanya jambo jema kabisa: waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkuu mno. Rafiki yangu mmoja alinifanyia hivyo. Alikuwa akija jioni baada ya kazi, anaketi sakafuni kando ya nguo zilizofuliwa, anazikunja bila kuniuliza naendeleaje. Jioni moja alikuta shati la marehemu limechanganyika na nguo za watoto. Alisita, akaliinua kidogo ili nilione, akasubiri. Niliponyoosha mkono alinipa, kisha akaendelea na soksi za watoto.

Wengi waliniambia kwamba nikihitaji chochote nisisite kusema, na nawashukuru, lakini mtu aliyeelemewa hajui anahitaji nini. Walionifaa zaidi ni wale waliokuja na jambo mkononi: kesho nitawapeleka watoto shuleni, Ijumaa nitakusindikiza kufuata cheti cha kifo.

Habari ya familia ni ngumu zaidi kuisimulia, kwa sababu baadhi ya ndugu walijitenga pale tu suala la mali lilipotajwa, na jeraha hilo halijapona. Kaka yangu alilichukua faili lote la mirathi, akawa ananieleza kila karatasi kabla sijaisaini na kunikataza kusaini nisichokielewa. Mama mkwe naye alikuwa amempoteza mwanawe, na kwa muda tuliogopana, kila mmoja akihofia kumwongezea mwenzake uchungu. Yeye ndiye aliyeanza kusimulia ukaidi wa mwanawe alipokuwa mdogo, jinsi alivyokuwa akikataa kulala hadi asimuliwe hadithi ile ile, tukacheka na kulia kwa pamoja. Watoto walikuwa wanasikiliza, na tangu siku hiyo wakaanza kumtaja baba yao bila kuangalia kwanza uso wangu.

Kuna jambo ambalo waumini wenzangu huona vigumu kulisikia, nami nalisema kwa sababu nawapenda. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022, linatambua huzuni ya kufiwa inayodumu zaidi ya miezi 6, kupita desturi za jamii na dini ya mhusika, na kumzuia mtu kuendesha maisha yake, kuwa ni hali inayohitaji tiba. Dada yangu ndiye aliyeona kwamba nimeacha kulala na kwamba sipokei tena simu za mtu yeyote, akanitafutia mshauri nasaha na kunisubiri nje ya mlango. Niliendelea kusali na kuonana na mshauri kwa wakati mmoja, wala sikuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Bado zipo siku zinazonilemea, hasa siku yake ya kuzaliwa. Siku hiyo huwa nampigia mama mkwe simu asubuhi na mapema, kabla yeye hajanipigia, kwa kuwa inamlemea na yeye.