Maharage ya Jumatatu, bila nazi wala nyanya

Kwetu Tanga, maharage yasiyotiwa nazi tunayaita ya bweni. Basi nilipohamia Lafayette, jimbo la Louisiana huko Marekani, nikakuta watu wanayasifia maharage mekundu na wali kama sisi tunavyosifia pilau, nikajiambia hili haliwezi kunishinda.

Sufuria ya kwanza ilinishinda. Nilikaanga vitunguu, nikatia nyanya nne kwa mazoea, ndipo nikamimina maharage. Masaa manne motoni, bado yanagonga meno. Jirani yangu ni bibi wa Kikejuni, wale wazao wa Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza huko Kanada kuanzia 1755. Alionja, akacheka. "Nyanya nani kakutuma, mwanangu?" Kumbe uchachu wa nyanya ndio unaochelewesha maharage kulainika. Yeye hatii kabisa.

Jumatatu iliyofuata nikaanza upya. Jumatatu ndiyo siku yake: zamani, New Orleans hasa, ilikuwa siku ya kufua, na sufuria ilijipikia pembeni na mfupa wa nguruwe uliobaki Jumapili. Mimi nguruwe sili, nikaweka bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi. Bibi alilitazama, akanyamaza.

Maharage nusu kilo niliyaroweka usiku kucha. Asubuhi nikamwaga maji yale, nikayatokosa kwa moto mkali dakika 10, maana maharage haya mabichi yana sumu isiyoondoka kwa moto wa kubembeleza. Pembeni nikakaanga kitunguu, hoho la kijani na selari, vitu vitatu ambavyo wenyeji wanaviita utatu mtakatifu, kisha kitunguu saumu, thaimu na pilipili ya unga. Nikaunganisha, nikafunika, nikapunguza moto.

Baada ya masaa mawili na nusu maharage yameiva, lakini mchuzi maji matupu. Hapo nilitamani tui, wallahi. Bibi akachukua mwiko, akayabana maharage machache ubavuni mwa sufuria, akaponda, akakoroga, akarudia. Mchuzi ukaanza kubadilika mbele ya macho yangu, ukawa mzito wa hudhurungi, ukashikamana na mwiko kama uliotiwa tui la kwanza.

Nilipakua juu ya wali mweupe, nikanyunyizia majani ya kitunguu. Bibi aliongeza sahani ya pili, kisha akaondoka na bakuli la mumewe. Mfupa wa nguruwe hakuuliza.