Wingu lisilosogea

Simu imekatika sasa hivi na mikono bado inanitetemeka.

Mdogo wangu amepiga! Siku 24 hatujasikia sauti yake.

Kwa wasiojua: yeye ni baharia kwenye meli ya matanga, ya milingoti miwili. Waliondoka Las Palmas, visiwa vya Kanari, kuvuka Atlantiki hadi kisiwa cha Martinique, Karibi, karibu kilomita 5,000, wakisukumwa na pepo za kaskazini-mashariki. Mtoto wa Moshi, aliyejifunza kuogelea ukubwani.

Huku kwetu saa kumi na moja jioni, kwake saa nne asubuhi. Mtandao ulikuwa ndiyo kwanza umeshika.

"Dada, nimeiona nchi kavu mimi wa kwanza."

Alikuwa zamu ya alfajiri, ameshika usukani. Mawingu yote yalikuwa yakienda na upepo, ila moja limetulia palepale. Wenzake wakasema ni mvua tu. Yeye akasema hapana, chini yake kuna mlima.

Amekua akiutafuta Kilimanjaro hivyohivyo, asubuhi ukiwa umejifunika.

Baadaye ukajitokeza kweli. Mlima Pelée, mita 1,397.

"Ni mdogo, dada. Lakini nimelia."

Mama akanipokonya simu. Hakuuliza bahari wala mlima.

"Umekula nini leo, baba?"

Sasa mama amesimama uani anaitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Leo iko wazi kabisa. Nimemwita chai mara mbili, hajageuka.

Wenye ndugu baharini, ile simu ya kwanza mliipokeaje? Niambieni, nasoma zote.