Nani kasema Asuna anataka kusahau?

Ijumaa, usiku wa manane

Mdogo wangu amelala zamani, mimi usingizi umenipaa. Tumetoka kuangalia Sword Art Online: Ordinal Scale kwenye laptopu yake, yeye kwa mapenzi, mimi kwa kubembelezwa. SAO, kifupi cha Sword Art Online, kwa watu wa anime, katuni za Kijapani, ni Simba na Yanga, hakuna anayekaa katikati, na miaka yote mimi nimekuwa upande wa wanaoisema vibaya.

Kwa ambaye haijui: ni riwaya za Reki Kawahara zilizotengenezwa anime mwaka 2012. Watu 10,000 wanavaa kofia iitwayo NerveGear, wanaingia kwenye gemu la uhalisia pepe, halafu wanagundua kitufe cha kutokea hakipo. Ukifia humo ndani, kofia inakuunguza ubongo. Wanaobaki hai wanatoka baada ya miaka miwili, na karibu 4,000 hawatoki kabisa. Katika hadithi mkasa unaanza tarehe 6 Novemba 2022. Tarehe hiyo imeshapita na sisi tupo, tunalalamikia bando tu.

Malalamiko yangu hayajabadilika. Kirito, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu, anaweza kila kitu, na wasichana wote wanampenda bila sababu ya maana. Nusu ya pili ya ule msimu wa kwanza ndiyo iliyonifukuza: Asuna, mpenzi wake, mpiganaji niliyemwona akiongoza watu vitani, anafungiwa kwenye tundu kama ndege asubiri kuokolewa, huku mwanamume mmoja mchafu akimdhalilisha mbele ya kamera. Halafu kuna Suguha anayempenda Kirito, waliyelelewa naye nyumba moja kama kaka na dada. Najua, Waswahili husema binamu nyama ya hamu, lakini huyu ni mtoto wa mama mdogo! Kwetu huyo ni ndugu yako kabisa, mjadala umefungwa.

Sasa hii filamu. Ilitoka Japani Februari 2017, mwongozaji ni Tomohiko Ito, yule yule wa misimu miwili ya mwanzo, kwa hiyo sikutegemea jipya. Jipya lipo. Gemu limetolewa kichwani na kuwekwa barabarani. Ndani ya filamu tuko mwaka 2026, watu wanavaa kifaa cha sikioni kiitwacho Augma, ambacho hakikulazi usingizi. Unaendelea kuona Tokyo kama ilivyo, ila juu yake zinaongezwa namba, rangi na majoka. Filamu ilitoka miezi michache tu baada ya Pokémon GO kuwatoa watu majumbani na kuwajaza mitaani, na nadhani watazamaji wa Japani walijiona mle ndani. Mabosi, majitu yanayolinda kila ghorofa ya Aincrad, ile ngome ya ghorofa 100 ya gemu la kwanza, wanatokea usiku katikati ya Akihabara, na wewe unapigana nao kwa miguu yako mwenyewe.

Na miguu ya Kirito ni mibovu! Nilicheka peke yangu. Bingwa wa dunia anatweta, anajikwaa, anagalagala kwenye lami kama mtu aliyekaa kitini miaka. Kwa mara ya kwanza nikamwona kijana mwenye mwili. Mbele yake yupo Eiji, aliyeshika nafasi ya pili kati ya wachezaji wa gemu hili jipya, anayeruka kuta, na Kirito hana la kumfanya.

Kilichonikosesha usingizi lakini ni Asuna. Waliookoka SAO wakipigwa na wale mabosi, kumbukumbu zao za miaka ile miwili zinanyonywa. Asuna anaanguka akimkinga Silica, rafiki yao mdogo, na kuanzia hapo nyumba ya ghorofa ya 22 inaanza kumtoka kichwani, ile ambayo yeye na Kirito waliishi kama mke na mume, na Yui, mtoto wa akili bandia waliyemkuta humo, akawaita baba na mama. Mdogo wangu akasimamisha filamu.

"Dada, si bora asahau? Miaka miwili ya kuogopa kufa, mtu anaitakia nini?"

Sikumjibu pale pale. Asuna mwenyewe hajibu kwa hotuba, anatetemeka tu. Nikakumbuka tulipomzika babu. Usiku wa matanga wazee walikaa mkekani, kila mmoja akatoa alichonacho: huyu safari yao ya majini, yule ugomvi wao wa shamba, mwingine kisa ambacho bibi aliomba kisirudiwe. Tulimpata babu ambaye hatukumjua, kwa sababu watu walikubali kututolea. Profesa Shigemura ndani ya filamu anataka hicho hicho. Binti yake, Yuna, alifia Aincrad, naye anamtafuta vipande vipande kwenye vichwa vya waliowahi kumwona, ili amjenge upya kwa akili bandia. Uchungu wake naujua. Ila yeye haombi. Anachukua, na mwisho yuko tayari kuwaua waliookoka, wakiwa wamejazana uwanjani kwenye tamasha, ili apate kilichobaki.

Upande wa pili filamu inamweka Yuuki bila kulisema hilo kwa sauti. Yeye ni wa msimu wa 2014: msichana aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI, aliyeishi ndani ya mashine ya hospitali, ambaye kabla ya kufa alimkabidhi Asuna pigo lake la upanga, mapigo 11 mfululizo. Sisi tuliokulia huku hatukuhitaji kuelezwa msimu ule. Kwenye pambano la mwisho Asuna analitoa pigo hilo, na kivuli cha Yuuki kinaonekana naye kwa muda mfupi mno. Asuna alipewa. Hakuna aliyemnyonya Yuuki chochote. Hapo nililia, na mdogo wangu alijifanya hakuona.

Pambano lenyewe ndilo linaloniudhi. Ule uzuri wote wa Kirito anayetweta unatupwa: wanalala, wanaingia moja kwa moja ghorofa ya 100, marafiki wanamiminika kutoka kila gemu, na bingwa anarudi kuwa bingwa. Yaani saa nzima wametuambia mwili una uzito, halafu wameshindwa kumaliza hadithi kwa huo mwili. Muziki wa Yuki Kajiura unafunika mengi, lakini haufuniki hilo.

Kuna jambo jingine ambalo waliotengeneza filamu hawakulipanga. Sauti ya Yuna, ya kuongea na ya kuimba, ni ya Sayaka Kanda, na Sayaka Kanda alifariki Desemba 2021. Sasa ukiangalia unamsikia marehemu akiimba ndani ya mwimbaji wa akili bandia aliyejengwa ili marehemu arudi. Nilisogeza nyuma nimsikie tena, halafu nikajiuliza nina tofauti gani na yule profesa. Nadhani ninayo: Sayaka aliimba ili asikilizwe. Sina hakika kama hilo linanitosha.

Vimondo vya mwishoni ni vizuri, ahadi ya Kirito ya kuvitazama na Asuna inatimia, pete inavaliwa. Ila maneno karibu yote ni ya Kirito, na mimi bado nataka kumsikia mwenye kumbukumbu. Mdogo wangu anasema ile ya 2021, Progressive, inaanza upya kabisa kwa macho ya Asuna. Nimemwambia kesho tuiangalie mchana, kabla umeme haujakatika.